Petroli yenye ethanoli: inayoumia ni mashine iliyolala

Wiki hii nawajibu wasomaji wetu wanaoishi Marekani, ambako karibu petroli yote imechanganywa na ethanoli.

Shikamoo fundi. Kwenye pampu pameandikwa ethanoli asilimia 10. Gari langu ni la 2009. Litaharibika?

Marahaba. Halitaharibika. Hiyo ndiyo E10, na ethanoli yake hutokana hasa na mahindi. Nguvu ya ethanoli ni pungufu ya petroli kwa karibu theluthi moja, hivyo tangi litakwisha mapema kidogo, kwa asilimia 3 hivi.

E15, yenye ethanoli asilimia 15, ni rahisi kwa senti kadhaa. Nijaze kwenye gari na pikipiki?

Gari la 2001 au jipya zaidi, jaza. Pikipiki usithubutu: sheria ya huko inakataza E15 kwenye pikipiki, boti na mashine za bustani.

Mashine ya kukata nyasi niliiweka stoo Oktoba ikiwa nzima. Sasa ni Aprili, nimevuta kamba mpaka bega linauma, haiwaki.

Pole sana, kaka. Kazi haikuiharibu, imeharibiwa na kulala miezi sita na mafuta tumboni. Ethanoli ni pombe, na pombe hufyonza maji, hata unyevu wa hewani unaopenya kwenye mfuniko wa tangi. Lita moja ya E10 hubeba maji kama kijiko kimoja cha chai, na baridi ikikaza hubeba machache zaidi. Yakizidi hapo, ethanoli huiacha petroli, ikashikamana na maji na kuzama chini, pale pale mafuta yanapotokea kwenda kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa. Huko hula aluminiamu na kuharibu mipira. Petroli iliyochacha nayo huacha utando wa kunata unaoziba jeti, kitundu chembamba cha kupitisha mafuta ndani ya kabureta.

Mwaga mafuta yote, fungua kabureta, safisha jeti, weka petroli mpya. Mara nyingi huwaka. Msimu ujao, kabla ya kuihifadhi, toa mafuta kisha uiwashe mpaka izime yenyewe. Au tia dawa ya kutunza mafuta yakiwa bado mapya, uiache ingurume dakika kumi ili dawa ifike kwenye kabureta.

Wenye misumeno ya mnyororo, nanyi sikieni. Injini zile hulainishwa na oili iliyomo ndani ya petroli. Mafuta yakijitenga, oili hubaki juu. Injini ikavuta tabaka la chini lisilo na oili, pistoni hukauka na kukwama. Huniuma kuona msumeno mzuri ukifa hivyo kwa mafuta ya mwaka jana.

Yakishajitenga, dawa itayarudisha?

Hapana. Yapeleke wanakopokea taka hatarishi, usimwage mtaroni.

Nitajuaje kama petroli ina ethanoli?

Tafuta chupa nyembamba ya kioo yenye vipimo. Tia maji mililita 10 na petroli mililita 100, funga, tikisa, acha itulie. Tabaka la chini likibaki 10, hamna ethanoli. Likikaribia 20, ethanoli imehamia kwenye maji: hiyo ni E10. Fanyia nje, mbali na moto.