Shemeji anatafuta vikopo kwenye mawe: maswali yenu kuhusu jiokashingi Mombasa

Kwema nyote? Maswali ya huu mchezo wa kusaka makasha yamerundikana, mengine marefu kama hati ya shamba, nimeyakata nikabakisha kiini. Yanayofanana nimeyajibu mara moja, kwahivo usipoona lako lisome la jirani.

SWALI: Shemeji yangu amekuja likizo kutoka Ujerumani, kutwa kucha yuko na mashine mkononi anapekua vikopo kwenye mawe. Ati ni mchezo wa dunia nzima. Ni kitu gani hasa, na lazima ninunue ile GPS yake? Niliangalia bei nikanyamaza. (Baba wa Tudor)

JIBU: Shemejio yuko na akili zake timamu usijali. Mchezo ni hivi, mtu anaficha kasha lenye daftari ndani, anaandika mtandaoni lilipo kwa namba za ramani, wewe unazifuata zile namba mpaka ulipate, unatia jina lako na tarehe, unalirudisha palepale vile ulivolikuta. Ulianza Marekani mwaka 2000. Serikali yao ilikua inatia kosa la makusudi kwenye mawimbi ya GPS ya raia, tarehe 2 Mei wakalizima, na mashine iliokua inakosea kama mita 100 ikawa inakosea chache tu, kesho yake bwana mmoja Dave Ulmer akaenda kuficha ndoo karibu na Beavercreek jimbo la Oregon, ndani daftari, penseli na vikorokoro mpaka mkebe wa maharage. Sasa makasha duniani yamepita milioni 3.

Mashine usinunue, angalau sio mwaka wako wa kwanza. Simu yako hiyohiyo inatosha, manake nyingi za siku hizi zinasoma setilaiti za Marekani, Urusi, Ulaya na China kwa pamoja na mahali peupe zinakufikisha mita tatu mpaka kumi. Apu rasmi ni ya kampuni ya Groundspeak ya Seattle, kuingia ni bure ingawa makasha mengine wamewafungia wanaolipa, na wenye Android wana c:geo pia ambayo ni bure. Alafu kitu watu hawajui, GPS haili bando! Kinachokula bando ni picha ya ramani, kwahivo ipakue nyumbani kwenye waifai, ukitoka zima data na simu itaendelea kukuonyesha ulipo. Hela ya mashine nunua pawa benki nzuri, kwasababu kioo kikiwa kwenye mwanga wa mwisho chini ya jua la saa sita betri inaondoka unaiona. Ile mashine ya shemeji, Garmin, faida yake ni kua inakula betri mbili za kawaida za dukani na inakaa kama saa 20, kwa mtu anaelala porini hiyo ni mali, kwa wewe unaerudi Tudor kula chakula cha mchana sio lazima.

Sasa hapa tulia kidogo, maana ndipo wengi wanapopotelea. Namba za makasha huandikwa digrii na dakika, mfano S 04° 03.750 E 039° 40.770, hapo uko pale Fort Jesus. Ramani nyingi za simu zinataka digrii peke yake, yani hiyohiyo inakua -4.0625, 39.6795. Ile dakika unaigawa kwa 60. Mtu akiona 04 na 03.750 akabandika 4.03750 na 39.40770 moja kwa moja, simu itampeleka karibu kilomita 30 huko bara kwenye vichaka, na akisahau ile alama ya kutoa mbele anavuka ikweta yuko kaskazini. Kwenye apu yenyewe ya mchezo huna haja ya kubandika chochote, lakini siku ukipata kasha la mafumbo ambalo unazitafuta namba mwenyewe utanikumbuka.

SWALI: Nina watoto wawili, miaka 7 na 10, likizo hii nataka niwatoe kwenye TV. Tubebe nini? Na watapata zawadi? (Mama wa Bamburi)

JIBU: Dadangu, kwanza angalia ukubwa wa kasha kwenye apu. Yale madogo kabisa ni kama ncha ya kidole, ndani kikaratasi kimeviringwa, mtoto atakuuliza ndio hiki tu tulichokijia jua lote hili? Tafuta lililoandikwa la kawaida au kubwa, humo ndo mna vitu vya kubadilishana. Pia kila kasha lina alama mbili, ugumu wa kulipata na ugumu wa njia, zote toka 1 mpaka 5. Kwa hao wako baki kwenye 1 au 1.5 pande zote mbili.

Kanuni ya zawadi ni ukitoa tia, na unachotia kisiwe duni kuliko ulichotoa. Shanga, gari dogo, kifungo kizuri, sarafu ya zamani, hivo vinafaa. Chakula hapana! Hata peremende moja. Siafu wataingia, na kunguru wetu wa Mombasa mnawajua, pamoja na tumbili wa huko kwenu Bamburi, wakishanusa kitu kasha halina siku mbili. Na mkikuta kidude cha chuma chenye namba kimechongwa, hicho sio zawadi ni msafiri, mnakibeba mkakitie kwenye kasha jengine na kuandika mtandaoni kimefika wapi. Watoto wanakipenda hicho kushinda vyote kwa sababu unawafungulia ramani wanaona kimepita nchi gani na gani.

Vya kubeba: maji, kofia, penseli zaidi ya moja (kalamu ya wino ikikutana na karatasi yenye unyevu inagoma), tochi hata kama ni mchana, kijiti, na glavu za bustani. Kijiti na glavu sio mapambo, mtoto asiingize mkono kwenye tundu ambalo hajalimulika, nge na tandu hawajui kua nyinyi mko kwenye mchezo. Viatu raba, champali ziacheni nyumbani. Na kwa vile Kenya makasha si mengi kama Ulaya, usitarajie kuzunguka siku nzima ukiokota moja baada ya jengine, anzeni na mazoezi hapo uani, wewe ficha kibakuli, simu ishike namba, wao watafute. Wakichoka hujatumia nauli.

SWALI: Je kuna pesa ndani? (Kijana wa Majengo)

JIBU: Hakuna.

SWALI: Nilikua Mji wa Kale nasaka, simu inasema nimefika lakini inarukaruka, mara mita 4 mara 30. Nikaanza kupapasa ukuta. Mzee mmoja akaniuliza nachomeka nini pale, vijana wakajaa, kidogo niitiwe polisi. Nifanyeje siku nyengine? (Msomaji wa Kisauni)

JIBU: Ndugu yangu, hili ndo swali nililokua nalingojea, manake hao wanaoandika mambo ya jiokashingi wengi wako misituni kwao huko, hawana mzee wa barazani.

La simu kurukaruka ni dogo. Vile vichochoro vya Ndia Kuu na nyuma yake kuta zimebanana, mawimbi ya setilaiti yanagonga ukuta huu na huu kabla hayajakufikia, kwahivo simu inadhani uko kwengine. Toka mpaka mahali peupe, simama bila kutembea dakika moja mbili, isome vizuri, kisha ingia ukihesabu hatua. Na ukishafika mita kumi hivi tia simu mfukoni, kuanzia hapo kazi ni ya macho. Soma maelezo na kile kidokezo cha mwenye kasha, soma pia walioandika mwisho, ukiona watatu mfululizo wamekosa basi pengine halipo na wewe hujapungukiwa kitu.

La mzee sasa. Hebu jiweke kwenye nafasi yake. Mgeni haamkui, anainama chini ya dirisha la watu, anapapasa ukuta, anatazama huku na huku. Kwa mawazo ya mtaa ni mambo matatu tu hapo, mwizi, bomu, au umekuja kuzika kitu cha mganga. Hilo la tatu usilicheke! Kikopo kimefungwafungwa na karatasi ndani imeandikwa majina, kimechomekwa kwenye ufa wa nyumba ya mtu au chini ya mbuyu, ukikikuta mlangoni kwako wewe utasemaje? Na la bomu limewakuta hata Wazungu wenyewe, mwaka 2011 mji wa Wetherby huko Uingereza kasha liliowekwa nje ya mkahawa lilisababisha watu waondolewe na wataalamu wa mabomu wakalilipua. Sembuse Mombasa.

Kwahivo salamu kabla ya simu. Assalaam aleikum, shikamoo mzee, habari za hapa. Alafu sema kweli, kwa ufupi: kuna mchezo wa kutafuta kitu kwa ramani, kimefichwa karibu na hapa, naomba ruhusa niangalie. Muonyeshe ramani kwenye simu, usimpe hotuba. Mara nyingi mzee mwenyewe ndie atakwambia, wewe unatafuta kile kikopo wanachokijia wageni, kiko kule. Kuna watakaosema umeharibu mchezo kwa kumwambia mtu asiyecheza, mimi nasema bora kasha lijulikane na mzee mmoja kuliko wewe kujulikana na mtaa mzima.

Ikiwa huna haraka, na usiwe nayo, kaa kwanza. Akipita muuza kahawa agiza kikombe na kashata, kaa barazani na uutazame ule ukuta ukinywa. Ukikaa utaona vitu ambavyo mwenye kupapasa havioni: jiwe moja limerudishwa upande wa ndani ukawa nje kwahivo jeupe kati ya mawe yalioshika weusi, waya umefungwa vizuri na haushiki chochote, bolti mpya inang'aa kwenye chuma kilicholika kutu. Bolti hiyo ina sumaku, ndio kasha lenyewe.

Wale wanaoshauri uvae koti la kuakisi mwanga ujifanye fundi, huko kwao sawa. Hapa utaulizwa kitambulisho cha kazi na huna. Na usisogee na mambo haya karibu na bandari, kambi ya jeshi la majini Mtongwe, kivuko cha Likoni wala chini ya daraja la Nyali, hata kama namba zinakuita. Ukitaka raha bila mashaka kuna makasha yasiyo na kopo kabisa, unafika mahali, unaangalia, unajibu maswali, basi. Moja ya aina hizo inahusu mawe na ardhi, na kisiwa chetu kizima kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, ukitembea chini ya mibuyu ya Mama Ngina ukaangalia lile genge la baharini, yani ukingo wa mwamba, utaona maumbo ya matumbawe yenyewe ndani ya jiwe. Hapo huna cha kupapasa ila jiwe la Mungu.

SWALI: Nataka kusaka ufuoni upande wa Shelly lakini naogopa maji. Na naweza kwenda peke yangu, mimi msichana? (Binti wa Likoni)

JIBU: Mwanangu, wewe wa Likoni unaniuliza mimi maji? Haya. Muulize mvuvi yeyote kama ni bamvua au maji mafu. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndo bamvua, maji yanatoka mbali sana na yakirudi yanapanda zaidi ya mita 3, ile njia kavu uliopita chini ya genge inakua haipo. Anza kutoka ufuoni maji yakiwa bado yanakupwa, sio yakianza kujaa, na kumbuka kila siku yanachelewa kama dakika 50 kwahivo saa ya jana usiitumie leo. Simu itie kwenye ile mifuko ya kuvaa shingoni isiyopitisha maji. Msimu wa kusi mawimbi makali, subiri.

Peke yako hapana, na simwambii msichana tu, hata mwanamume. Nenda na mwenzio, saa za watu, na saa kumi na mbili jioni muwe mshageuka manake magharibi yetu haingoji mtu.

SWALI: Nataka kuficha langu. Nitumie kopo gani? (Mwalimu wa Changamwe)

JIBU: Mwalimu, mkebe wa bati sahau, chumvi ya hewa yetu inaula mpaka kifuniko kinagandana. Kibakuli cha plastiki cha jikoni chenye mpira mdomoni na loki nne pembeni ndicho, kijaze maji ukigeuze usiku mzima kabla hujakiamini. Wenzetu wa nje hutia daftari kwenye mfuko wa plastiki, hapa mifuko ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, kwahivo tia daftari kwenye kichupa cha pili kinachofunga barabara ndani ya kibakuli. Kwa nje andika wazi kwa rangi isiyofutika, mchezo wa jiokashingi, si hatari, tafadhali usiondoe, kwa Kiswahili tena, na kama unaweza chagua kinachoonyesha ndani ili mtu aone daftari bila kufungua.

Huruhusiwi kuchimba kulifukia, wala kupiga msumari kwenye mti. Lisikaribiane na la mwengine chini ya mita 161. Omba ruhusa kwa mwenye mahali, na Fort Jesus na magofu mengine hayo ni ya Makumbusho ya Taifa, usichomeke kitu humo kimyakimya. Ukishalituma mtandaoni kuna mtu wa kujitolea analipitia kabla halijatangazwa, atakuuliza maswali, mjibu kwa upole. Na liwe karibu na njia yako ya kila siku, kwasababu baada ya mvua za masika wewe ndie utakaekwenda kubadilisha daftari.