Maswali ya wasomaji: Sahihi inakataliwa, na faili halijaguswa

Ndugu wahariri, tunatia sahihi ankara za PDF kwa AWS KMS, huduma ya wingu ya Amazon ya kutunza funguo za siri. Ufunguo ni RSA wa biti 2048, algorithimu ni RSASSA_PSS_SHA_256. Tukihakiki ndani ya KMS, inakubali. Mteja wetu akihakiki kwa OpenSSL, programu huria ya usimbaji, kwenye seva yake, anaambiwa "Verification failure". Faili ni lilelile. Tumekosea wapi? (Msomaji, Arusha)

Hapo mara nyingi hakuna aliyeghushi chochote. Pande mbili hazijakubaliana ni kitu gani hasa kilichotiwa sahihi.

Anza na MessageType, kigezo kinachoiambia KMS kama mmetuma ujumbe wenyewe (RAW) au hashi yake, yaani muhtasari wake mfupi uliokwisha kukokotolewa (DIGEST). Kwa RAW, KMS hupokea ujumbe usiozidi baiti 4096. PDF zenu bila shaka zinazidi hapo, kwa hiyo mnakokotoa hashi wenyewe na kuituma hiyo. Sasa, msipotaja DIGEST, KMS huchukulia kuwa ni RAW: inaiona hashi yenu kama ujumbe wa kawaida na kuihashi tena. Sahihi inayotoka ni ya hashi ya hashi. Mkihakiki kwa KMS mkiwa na kosa hilohilo, inapita, maana kosa liko pande zote mbili. OpenSSL anayesoma PDF yenyewe anahashi mara moja tu, na hapo ndipo mnapoachana.

Utaratibu sahihi ni huu:

`openssl dgst -sha256 -binary ankara.pdf > ankara.hashi`

`aws kms sign --key-id alias/ankara --message fileb://ankara.hashi --message-type DIGEST --signing-algorithm RSASSA_PSS_SHA_256 --query Signature --output text | base64 -d > ankara.sig`

Pimeni kila faili kwa `wc -c`. Hashi ya SHA-256 ni baiti 32 kamili. Mkikuta 64 au zaidi, mmehifadhi hashi kama maandishi ya heksa. Kwa DIGEST, KMS itaikataa papo hapo kwa sababu ya urefu. Kwa RAW itaipokea kimya kimya, na hilo ndilo baya zaidi. Sahihi nayo iwe baiti 256. Ikiwa 344 au 345, bado ni base64 (baiti zilizoandikwa kama herufi), haijafunguliwa. Na hiyo `fileb://` si kosa la uchapaji: katika toleo la 2 la AWS CLI, `file://` hutarajia maandishi ya base64, si baiti ghafi.

Jambo la pili liko kwa mteja. OpenSSL asipoambiwa, huhakiki RSA kwa mtindo wa zamani wa PKCS#1 v1.5, wala hajui kuwa ninyi mmetumia mtindo mwingine, PSS. Kwanza apate ufunguo wa umma:

`aws kms get-public-key --key-id alias/ankara --query PublicKey --output text | base64 -d > umma.der`

`openssl pkey -pubin -inform DER -in umma.der -out umma.pem`

Kisha:

`openssl dgst -sha256 -verify umma.pem -sigopt rsa_padding_mode:pss -sigopt rsa_pss_saltlen:32 -signature ankara.sig ankara.pdf`

Hiyo 32 ni urefu wa chumvi, yaani baiti za nasibu ambazo PSS huchanganya ndani ya sahihi. KMS huilinganisha na urefu wa hashi. Jibu likiwa "Verified OK", mmemaliza. Amri mbili za kupata ufunguo mnaweza kuziendesha ninyi na kumpa mteja `umma.pem`, ila msiutume pamoja na ankara kwenye baruapepe moja. Anayeweza kubadilisha ankara atabadilisha na ufunguo.

Programu yetu inasubiri SignatureValid, jibu la KMS baada ya kuhakiki, iwe false ili ikatae hati. Haijawahi kuwa false. Je, KMS inakubali kila kitu?

La. Sahihi isipolingana, KMS hairudishi false. Hutupa kosa la KMSInvalidSignatureException. Hilo pekee ndilo lenye maana ya "sahihi si halali". AccessDeniedException ni ruhusa ya kms:Verify inayokosekana, DisabledException ni ufunguo uliozimwa, ThrottlingException ni maombi mengi kupita kiasi. Msimbo unaokamata makosa yote kwa mkupuo na kuandika "hati ya kughushi" utamsingizia mteja mwaminifu siku mtandao unapoyumba.

Tunatengeneza tokeni za JWT (vitambulisho vifupi vya kidijitali vilivyotiwa sahihi) za ES256, yaani sahihi za ECDSA badala ya RSA, kwa ufunguo wa P-256. Maktaba ya upande wa pili inasema urefu wa sahihi si sahihi.

AWS KMS na Google Cloud KMS hutoa sahihi ya ECDSA ikiwa imefungwa kwa DER, muundo sanifu wa kupanga data katika baiti, kwa kawaida baiti 70 hadi 72. JWT inataka namba mbili, r na s, zilizopangwa bega kwa bega: 32 na 32, jumla 64. Fungueni DER kwa maktaba, msikate baiti kwa mkono. Ndani ya DER, namba ambayo biti yake ya kwanza ni 1 huongezewa baiti ya sifuri mbele, na namba ndogo hupunguzwa. Ya kwanza iondoeni sifuri, ya pili ijazeni sifuri kushoto hadi 32. Wanaosahau huko kujaza hupata tokeni zinazokubaliwa siku nzima, kisha moja inakataliwa bila sababu inayoonekana. Azure Key Vault, huduma kama hiyo ya Microsoft, hutoa baiti 64 moja kwa moja, basi anayehama huko na msimbo wa kufungua DER ataharibikiwa kinyumenyume.

Tuhakiki kwenye wingu au kwetu?

Kwetu, karibu kila mara. Ni haraka, hakuna malipo ya kila ombi, na anayehakiki hahitaji akaunti. Google Cloud KMS haina hata operesheni ya kuhakiki kwa funguo hizi. Unachukua ufunguo wa umma na kujifanyia. Verify ya AWS ina faida moja kubwa: ufunguo ukizimwa, inagoma. OpenSSL hatajua.

Ila hifadhini KeyId inayorudi na kila sahihi. Ni ARN kamili ya ufunguo, yaani jina lake la kipekee ndani ya AWS. AWS haibadilishi funguo hizi yenyewe. Mkitengeneza mpya na kuhamishia alias (jina la mkato la ufunguo), ankara za zamani zikihakikiwa kwa alias zitakataliwa zote. Na kabla ya kuagiza ufunguo wa zamani ufutwe, chukueni `umma.pem` yake. AWS inawapa muda wa kungoja wa siku 7 hadi 30. Ukipita, KMS haitawapa tena ufunguo huo wa umma.