Stashahada ya uuguzi, leseni mkononi, na kazi Mtwara hakuna?

Mdogo wangu, umesema una stashahada na leseni, umezunguka hospitali ya Ligula na ile ya Rufaa ya Kanda kule Mitengo ukaambiwa "subiri tangazo". Hawajakudanganya. Hospitali ya serikali haiajiri mlangoni, nafasi hupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, chombo cha serikali cha kuajiri watumishi wa umma, kwa hiyo bahasha unazoacha mapokezi zinakula vumbi tu. Tangazo likitoka, soma cheo vizuri: wa stashahada ni Afisa Muuguzi Msaidizi, na Afisa Muuguzi ni wa shahada. Wengi huombea kada isiyo yao halafu wanalia wamefanyiwa figisu.

Wakati unasubiri, panda gari la Masasi. Nyangao na Ndanda ziko njia hiyohiyo, zote za misheni, na huko barua unaweza kupeleka mwenyewe kwa katibu wa hospitali. Usivae kama unaenda harusini, we ni muuguzi, ujue kujieleza. Taja wodi ulizofanyia mazoezi, hasa ya wazazi, maana mkunga anayejiamini usiku hawezi kukosa wa kumtaka.

Kujitolea? Mimi nilijitolea miezi minane zahanati moja ya kijijini, nauli yangu, chakula changu, na barua ya utambulisho nikaipata kwa kuifukuzia. Kama utakubali, dai makubaliano ya maandishi siku ya kwanza.

Na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga isife ukiwa nyumbani unaokota korosho.