Bwana wa Lubumbashi, bibi wa Kitwe: mkae upande gani wa mpaka?

Wenye ndoa za Katanga (Kongo) na Copperbelt (Zambia) wakikaa kuamua wataishi wapi, mazungumzo huanza na pesa: mshahara wa migodini, bei ya unga kule Kitwe, kodi ya nyumba Bel-Air au Golf, mitaa ya Lubumbashi. Hayo yote yana uzito, ila hayakai. Bei ya shaba ikishuka, pande zote mbili zinalia kwa pamoja, na umeme unakatika huku na huku. Kinachokaa ni hiki: mkiishi Kongo mmoja wenu ni mgeni, mkivuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia yule mwingine ndiye mgeni. Basi anzeni kwa kuuliza ni upande gani mgeni wenu ataweza kufanya kazi kwa jina lake, kumiliki kitu, na kubaki salama na watoto siku mwenzake akifa au ndoa ikivunjika. Hesabu ya pesa ifuate baadaye.

Katika mifano yetu bwana ni Mkongomani na bibi ni Mzambia. Kama kwenu ni kinyume, geuzeni tu, sheria ni zilezile.

Uraia, mahali wengi wanapoteleza

Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na haushikwi pamoja na mwingine. Sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004 inaeleza matokeo yake: Mkongomani akijipatia uraia wa nje, ule wa Kongo umempotea. Zambia ilichukua njia nyingine. Tangu marekebisho ya katiba ya Januari 2016, Mzambia anaruhusiwa uraia pacha.

Bibi anayeishi Lubumbashi anaweza kuomba uraia wa Kongo baada ya miaka 7 ya ndoa, mradi siku ya kuomba bado mnaishi pamoja, lakini atatakiwa kuuacha wa Zambia. Bwana anayeishi Kitwe anaweza kuomba wa Zambia baada ya miaka 5 ya ndoa. Zambia haitamwambia aache chochote. Ni Kongo itakayomfuta. Ndiyo, watu wenye paspoti mbili kwenye droo ni wengi na hakuna anayewasumbua, mpaka siku wanapogombania lupango (kiwanja) au kontra (mkataba) na mtu anayejua siri hiyo, naye akaitoa mbele ya hakimu. Kwa Mkongomani wa kuzaliwa kuna njia ya kuurudisha uraia kwa kutoa tamko, lakini kufuatilia makaratasi hayo ukiwa tayari una kesi ni taabu tupu.

Kwa hiyo paspoti ya pili isiwaharakishe. Kibali cha ukaazi cha mwenzi wa ndoa kinatosha kwa miaka mingi, na hakimnyang'anyi mtu kitu. Kuhusu watoto hali ni nyepesi zaidi: mtoto ambaye baba au mama ni Mkongomani ni Mkongomani tangu kuzaliwa, na kwa sheria ya Zambia mzazi mmoja Mzambia anatosha pia. Waandikisheni pande zote mbili wakiwa wadogo. Uamuzi wa kushika upande mmoja watauchukua wenyewe wakikomaa, lakini wawe na vyeti mkononi.

Kazi na biashara

Hapa Lubumbashi kizuizi kikubwa kwa bibi mgeni ni biashara ndogo. Sheria ya tarehe 8 Agosti 1990 iliiacha biashara ndogo mikononi mwa Wakongomani peke yao. Meza ya vitenge kwenye soko la komini ya Kenya hapa mjini au kibanda cha unga Katuba hakiwezi kuandikwa kwa jina la Mzambia, hata kama mtaji wote ulitoka kwake. Watu wanafanya nini? Wanaandika kwa jina la bwana. Inafanya kazi vizuri mpaka bwana afe na ndugu zake waje na karatasi inayosema duka ni la marehemu.

Kinga yake iko siku ya ndoa ya serikali. Afisa wa eta sivile (ofisi ya kuandikisha ndoa na vizazi) anapaswa kuwauliza mnachagua mpango gani wa mali, na ipo mitatu: kila mtu na mali yake, kuchanganya mlichochuma baada ya ndoa, au kuchanganya vyote. Msiposema neno, sheria inawawekea wa pili. Kwa ndoa ya aina yenu huo wa pili ndio tunaoupendekeza, lakini semeni kwa mdomo na mhakikishe umeandikwa kwenye cheti. Mstari huo mmoja ndio utakaomfanya bibi adai nusu ya kibanda kisicho na jina lake.

Kazi ya kuajiriwa inawezekana, kwa kadi ya kazi ya mgeni pamoja na viza ya ukaazi kutoka DGM, idara ya uhamiaji ya Kongo. Fundi au mhasibu anayezungumza Kiingereza anatafutwa na kampuni za migodi. Kwa upande wa bwana kuna jambo jingine: sheria ya Februari 2017 juu ya kazi za mikataba midogo, zile ambazo migodi inazitoa nje kama usafiri, chakula na usafi, imezihifadhi kwa kampuni zenye mtaji ambao sehemu kubwa ni ya Wakongomani. Kwa mfanyabiashara wa Katanga mlango huu una thamani kubwa. Anayeupoteza uraia anaupoteza na mlango huo.

Ukivuka, mambo yanageuka. Kosa la kawaida la mabwana wa huku ni kuishi Zambia kwa mihuri ya matembezi. Mtembezi anapewa siku zisizozidi 90 katika miezi 12, na anayekuja kwa shughuli za biashara siku 30. Zikiisha, kila safari ya mpakani ni kubembeleza. Ombeni kibali cha mwenzi wa ndoa mapema, kabla ya kuhamisha vyombo. Mwenye diploma apeleke vyeti vyake kwenye mamlaka ya sifa za elimu ya Zambia, ZAQA, vikiwa vimetafsiriwa kutoka Kifaransa. Muuguzi na mwalimu wana mabaraza yao ya kujiandikisha juu ya hapo. Muuguzi wa miaka 10 ya kazi anaweza kukaa muda mrefu bila kushika sindano, akingoja karatasi. Wekeni akiba ya kuishi kwa mshahara mmoja kipindi hicho.

Halafu pensheni, ambayo vijana hawaitaji kabisa. CNSS, mfuko wa pensheni wa Kongo, inataka miezi 180 ya michango ili mtu apate pensheni ya kila mwezi. NAPSA, mfuko wa Zambia, nayo inataka 180. Mtu aliyechangia miezi 120 huku na 120 kule amefanya kazi miaka 20 na hajafika popote. Kama mmoja wenu ameshapita miezi 100 upande mmoja, hiyo peke yake ni sababu nzito ya kubaki hapo mpaka atimize.

Kiwanja na kifo

Kongo ardhi ni ya serikali tangu sheria ya 1973, nasi tunapewa haki ya kuitumia. Haki ya kudumu ni ya Mkongomani peke yake. Mgeni anapata ya muda, kawaida miaka 25, inayoweza kurudiwa. Zambia hata raia anapewa kwa miaka, mpaka 99, na asiye raia anaruhusiwa tu akiwa na ukaazi wa kudumu, au hadhi ya mwekezaji, au idhini ya maandishi ya rais, pamoja na njia nyingine chache. Popote mtakapojenga, jina la kwanza kwenye sertifika (hati ya kiwanja) litakuwa la mwenyeji, na mgeni ategemee ndoa iliyoandikwa sawasawa. Ndoa ya kimila peke yake, mahari ikiwa imeshapokelewa na watu wameshakula, haitoshi. Kongo inataka iandikwe kwenye komini (ofisi ya manispaa) ndani ya mwezi mmoja.

Mwenye nyumba akifa bila wosia, Zambia inagawa hivi kwa sheria ya 1989: mjane au mgane asilimia 20, watoto 50, wazazi wa marehemu 20, wategemezi wengine 10. Kongo inawapa watoto robo tatu. Robo inayobaki ni ya kundi ambamo mjane anakutana na wazazi na ndugu wa marehemu, ingawa ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi. Kwa mjane mgeni, Zambia inaeleweka zaidi na haiachi nafasi kubwa ya mabishano. Lakini sheria hiyo haigusi ardhi ya kimila, kwa hiyo nyumba nzuri mliyoijenga kijijini kwa chifu iko nje ya mgao huo.

Dawa ni wosia. Kongo inakubali ulioandikwa wote kwa mkono wa mwenyewe, wenye tarehe na saini. Ni ukurasa mmoja na hauna gharama. Walio nao ni wachache, kwa sababu wazee wanasema ni kujiitia kifo.

Mila nazo zina neno. Wabemba huhesabu ukoo kwa mama, Waluba kwa baba. Bwana Muluba akioa bibi Mubemba, koo zote mbili zinadai mtoto. Bibi Muluba akiolewa na Mubemba, kila ukoo unaweza kusema huyu ni wa wenzetu, na hapo ndipo yatima anapokosa wa kumlipia masomo. Zungumzeni na wajomba na mababa wadogo wakati wote wako hai na mahari bado ni habari njema. Waulizeni wazi ni nani atakayekaa na watoto.

Masomo ya watoto

Lugha ndiyo inayowatisha wazazi, lakini mtoto wa miaka 7 anaikamata upesi. Kinachoumiza ni kalenda. Kongo mwaka wa masomo unaanza Septemba na kwisha Julai. Zambia unaanza Januari na kwisha Desemba. Ukimhamisha mtoto vibaya anapoteza mwaka.

Kutoka Lubumbashi kwenda Zambia, hameni Julai baada ya matokeo. Miezi inayobaki mpaka Desemba ni ya Kiingereza, kwa mwalimu wa nyumbani, kisha aanze Januari na wenzake. Kurudi huku ni kugumu zaidi: akimaliza Desemba, Januari anakuta darasa la Kongo limeshafika katikati. Ama akae mpaka Septemba akijifunza Kifaransa, ama aingie katikati katika darasa alilokwisha kulimaliza. Tunapendelea la pili kwa wa msingi, kwa sababu mtoto anayekaa nyumbani miezi 8 anasahau hata kukaa kwenye benchi. Aliye katika miaka miwili ya mwisho kabla ya Mtihani wa Serikali, ule wa kumaliza sekondari Kongo, msimguse. Abaki kwa shangazi mpaka amalize.

Ada za shule za serikali zimepungua pande zote: Kongo shule ya msingi ni bure tangu 2019, Zambia bure imefika mpaka sekondari tangu 2022. Ukiwa na watoto wanne wakubwa, tofauti hiyo inaonekana kwenye bajeti.

Makaratasi, hasa majina

Mkongomani ana majina matatu, tuseme Ilunga Mwamba Joseph. Fomu ya Zambia ina nafasi ya jina la ukoo na majina mengine. Mwandishi wa kwanza anaandika Joseph Ilunga, wa pili Joseph Mwamba, hospitali inaandika Mwamba Ilunga kwenye karatasi ya mtoto, na mtu mmoja amekuwa watatu. Nakilini kila mahali kama ilivyo kwenye paspoti, herufi kwa herufi. Angalieni Kabwe isigeuke Kabue, wala tarehe isigeuzwe mwezi kuwa siku. Kama imeshaharibika, komini inatoa karatasi ya kuthibitisha kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Zambia mtu anaapa kwa hati. Fanyeni hivyo kabla ya kuomba kibali.

Mtoto akizaliwa Lubumbashi mnazo siku 90 za kumwandikisha bure. Zikipita, lazima hukumu ya mahakama ya watoto, na hapo pesa inatoka. Akizaliwa Zambia, chukueni cheti cha huko kisha mzazi Mkongomani ampeleke konsula ya Kongo iliyoko Ndola. Vyeti vya Zambia vitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa, na kila cheti kinachovuka mpaka kipite kwenye mlolongo wake wa mihuri: ofisi iliyokitoa, wizara ya mambo ya nje, kisha konsula ya nchi kinakokwenda. Konsula ya Zambia ipo hapa Lubumbashi, haina haja ya kupanda ndege kwenda Kinshasa.

Kabla ya kuuza chochote, pangeni nyumba upande mpya kwa mwaka mmoja. Kasumbalesa iko kama kilomita 90 kutoka mjini na saa ni ileile pande zote mbili, kwa hiyo bwana anaweza kubaki na kazi yake huku bibi akianza kule, au kinyume chake. Gari lingoje: Kongo tunaendesha kulia, wao kushoto. Kadi ya njano ya chanjo kila mtu awe na yake, hata mtoto. Na katika mwaka huo mgeni ndiye aende mwenyewe benki, hospitali, shuleni na polisi, bila mwenyeji pembeni. Akishindwa kufungua akaunti au kumwandikisha mtoto peke yake, mmeshajua karatasi gani inakosekana kabla ya kumwaga saruji.