Mgeni anaahirisha, anafuta au anawahi?

Swali

Mwalimu, shikamoo. Ninafanya kazi mapokezi katika hoteli moja hapa Moshi. Kiingereza cha shuleni ninacho, lakini vitenzi vya wageni vinanichanganya. Mgeni mmoja aliuliza kama tunaweza “put her up” usiku mmoja zaidi. Mwingine aliandika kwamba safari yake “has been put off”, mwingine tena “called off”, na sasa kuna kundi linaloomba “bring our booking forward by two days”. Nikitafuta “put” kwenye kamusi naambiwa ni kuweka, na “bring” ni kuleta. Nitavielewaje hivi bila kukariri orodha ndefu? Na jingine: mwishoni mwa barua pepe tuandike “looking forward to hear from you” au “hearing from you”? Ofisini tumebishana mpaka tumeacha.

Jibu

Marahaba. Nianze na hilo kundi, maana ukilielewa vibaya watafika na kukuta vyumba vyao vina watu. “Bring our booking forward by two days” maana yake wanataka kuja siku mbili mapema. Kama walikuwa wafike tarehe 14 Juni, sasa wanaomba tarehe 12.

Najua kwa nini inakwaza. Kwetu mkutano ukisogezwa mbele umeahirishwa, umekwenda tarehe ya baadaye. Kiingereza hapa kinakwenda kinyume. Jambo likiwa “brought forward” limevutwa upande wetu sisi tulio leo, kwa hiyo linawahi. Likiwa “put back” au “pushed back” limesukumwa mbali nasi, kwa hiyo linachelewa. Anayetafsiri neno kwa neno atakosea yote mawili, na atakosea akiwa na uhakika kabisa. Ukikutana na “moved forward” uwe mwangalifu zaidi, kwa sababu hapo hata wenye lugha hugawanyika: waambie kwamba mkutano wa Jumatano “has been moved forward two days”, wengine watakuja Jumatatu na wengine Ijumaa.

Kwa hiyo usijibu kwa kitenzi, jibu kwa tarehe. Andika: “Just to confirm, you will now arrive on 12 June instead of 14 June. Is that correct?” Na mwezi uuandike kwa jina lake. Mmarekani akiona 12/6 anasoma Desemba 6, Mwingereza anasoma Juni 12, na wote wawili wako sahihi kwao.

Sasa hao wengine wawili. Aliyeandika “our trip has been put off” ameahirisha. Bado ni mteja wako. Muulize tarehe mpya. Aliyeandika “called off” amefuta, safari haipo tena, na hapo kinachofuata ni masharti yenu ya kurudisha malipo. Lakini “put off” ikimpata mtu badala ya jambo, maana inageuka. “The price put us off” ni kusema bei imetuvunja moyo, tumeghairi kwa sababu yake. “The smell put me off my food” ni harufu imenikata hamu ya kula. Tazama kilichofuata kitenzi: ni safari, mkutano, au ni binadamu? Hilo peke yake litakuonyesha maana mara nyingi kuliko kamusi.

Yule mama wa “put me up” alikuwa anaomba malazi: mnaweza kunilaza usiku mmoja zaidi? Neno hilohilo “put up” likipata kitu kingine linabadilika tena. “Put up a tent” ni kusimamisha hema, “put up a notice” ni kubandika tangazo, “put up the prices” ni kupandisha bei. Ongeza neno la tatu, “with”, na umepata kitenzi kingine kabisa: “I can’t put up with that generator any longer”, yaani siwezi kuivumilia tena hiyo jenereta. Mgeni akisema hivyo anataka kuhamishwa chumba, usisubiri aseme mara ya pili. Mapokezi utasikia pia “Could you put me through to room 12?”, niunganishe na chumba namba 12, na “Please put out your cigarette”, zima sigara. Ila akisema “Put it on my bill”, hapo “put” ni kuweka kweli, andika kwenye bili yangu. Usije ukaogopa kila “put” unayokutana nayo.

Umeuliza kuhusu kukariri orodha. Ushauri wangu ni kwamba usikariri. Orodha za “put on, put off, put out, put up” zinawachosha wanafunzi wengi, na sababu ni moja: zinapanga pamoja maneno ambayo hayaishi pamoja. Fikiria mgeni anayejifunza Kiswahili akipewa “kata tiketi, kata tamaa, kata rufaa, kata shauri, kata roho” kwenye ukurasa mmoja, kisha aambiwe “kata” ni kutumia kisu. Wewe hukujifunza hivyo. “Kata tiketi” uliisikia stendi ya basi, “kata rufaa” ukaisikia kwenye habari za mahakamani, na kila moja ikakaa mahali pake na watu wake. Vitenzi vya Kiingereza vyenye maneno mawili au matatu hushikwa kwa njia hiyohiyo. Kwenye daftari lako andika sentensi nzima kama ulivyoisikia, na pembeni andika nani aliisema na alikuwa anataka nini. Panga kwa shughuli: simu, malipo, usafiri, malalamiko ya chumba. Ukurasa wa simu uwe na “put you through”, “hang up”, “hold on”, “call you back”. Ukurasa wa chumba uwe na “check in”, “check out of the room”, “fill in the form”. Mmarekani atasema pia “fill out the form”, na maana ni ileile, kujaza fomu.

Kuna jambo moja la sarufi ambalo huwezi kulikwepa, nalo ni mahali pa kuweka kile kinachotendwa. Unaweza kusema “put off the meeting” au “put the meeting off”, zote nzuri. Lakini ukitumia kiwakilishi, lazima kikae katikati: “put it off”. “Put off it” haipo. Vivyo hivyo “call it off”, “fill it in”, “put him through”. Kundi la pili halikubali kutenganishwa kabisa: “look after the children”, “look after them”, wala si “look them after”. Na vile vya maneno matatu kama “put up with” na “run out of” hukaa mkono kwa mkono daima: “We have run out of hot water”, maji ya moto yametuishia.

Utajuaje kitenzi ni cha kundi gani? Hapa kamusi inakusaidia, ila iwe ile iliyotungwa kwa wanaojifunza Kiingereza, ya Kiingereza kwa Kiingereza. Humo utaona vifupisho viwili: “sb” ni mtu na “sth” ni kitu. Ukiona “look after sb”, mtu anakuja mwisho. Ukiona “put sth off”, kitu kinaweza kuingia katikati. Baadhi ya kamusi huweka mshale wenye ncha mbili kuonyesha kwamba nafasi zinabadilishana. Wengi huruka alama hizo wakakimbilia maana, na ndiyo sababu wanajua maana lakini sentensi inawaharibikia.

Nikiwa bado kwenye “put”, niseme juu ya nguo, kwa sababu kosa hili nalisikia kote Tanzania na Kenya, kwa watu wenye Kiingereza kizuri kabisa. Tunasema “amevaa shati jeupe”, tunaona ile “-me-” na tunatafsiri “he has put on a white shirt”. Kwa Kiingereza “put on” ni kitendo cha kuvaa, ule muda mikono inaingia kwenye mikono ya shati. Hali ya kuwa na nguo mwilini ni “wear”: “he is wearing a white shirt”. Kiswahili hutumia “-me-” kwa hali nyingi za namna hii, amevaa, amesimama, amekaa, amelala, na Kiingereza kinazisema zote kwa “is” na “-ing”. Basi ukimwelekeza mgeni aliyetua KIA, usimwandikie “the driver has stood outside and has put on a white shirt”. Mwandikie: “The driver is standing outside. He is wearing a white shirt and holding a sign with your name.”

Na huyo dereva “will pick you up”, si “will pick you”. Afrika Mashariki tumezoea kukiacha hicho kijineno “up” na tunaelewana vizuri, lakini kwa mgeni wa mbali “pick you” ni kukuchagua kati ya wenzako. Siku ya kuondoka dereva huyo “will drop you off at the airport”. Mgeni akiuliza “Can I borrow an umbrella?”, jibu ni “Yes, I can lend you one.” Kwetu kuazima hufanywa na pande zote mbili, anayetoa na anayepokea; Kiingereza kimewapa kila mmoja kitenzi chake, na “I will borrow you an umbrella” itamfanya asijue mwavuli unatoka kwa nani.

Misemo nayo naomba uichague kwa kazi yako. Shule nyingi zilitufundisha “it’s raining cats and dogs” na “kick the bucket”. Ya kwanza utaisikia kwa nadra sana vinywani mwa wageni. Ya pili ni ya mzaha juu ya kifo, na mgeni aliyefiwa akiisikia kutoka mapokezi ataumia. Kwa msiba sema “passed away”, na “I’m very sorry for your loss”. Misemo itakayokulisha ni ile isiyopambwa. “I’m afraid we’re fully booked” haina woga wowote ndani yake; ni namna ya kusema kwa upole kwamba samahani, tumejaa. Bila hiyo “I’m afraid” jibu lako litasikika kavu, hata kama umetabasamu. “Bear with me for a moment” ni nivumilie kidogo, inafaa sana mtandao unapozunguka na mgeni amesimama mbele yako. “It’s on the house” ni kwamba hoteli inalipia, kwa hiyo usiitamke kabla meneja hajakubali. “The lift is out of order” ni lifti mbovu. “Help yourself to some coffee” ni jihudumie kahawa, karibu. Ukiwa nayo hii na unaisema bila kusita, umeshamhudumia mgeni vizuri kuliko anayejua misemo mia ya vitabuni.

Kwenye maandishi rasmi, kama barua kwa wakala wa utalii au masharti ya malipo, badili vitenzi hivi kwa wenzao wa neno moja: “postpone” badala ya “put off”, “cancel” badala ya “call off”. Maneno hayo yana asili ya Kilatini, mengi ya aina hiyo yakipitia Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, na tangu zamani yamekuwa ya ofisi na mahakama. Hata sisi tuna tofauti kama hiyo: “kuahirisha” inatoka Kiarabu na inakaa vizuri kwenye tangazo, “kusogeza” tunaitumia tukiongea. Kwa simu au kaunta, “put off” na “call off” ni lugha nzuri kabisa, wala si lugha ya mtaani.

Nimalizie ubishi wenu wa ofisini. Sahihi ni “looking forward to hearing from you”. Kinachowachanganya ni “to”, kwa sababu Kiingereza kina “to” mbili. Moja hutangulia kitenzi, kama “I want to hear”. Nyingine ni kihusishi, kama “kwa” au “kwenye”, na nyuma yake lazima lije jina au kitenzi chenye “-ing”. Kuzitambua, jaribu kuweka jina mahali pa kitenzi. “Looking forward to your reply” inakubali, basi ni “to” ya pili, na kitenzi kitakuwa “hearing”. “I want to your reply” inakataa, basi hiyo ni ya kwanza. Jaribio hilohilo linaamua “I am used to working at night”, nimezoea kufanya kazi usiku. Ondoa “am” na habari inageuka: “I used to work at night” ni zamani nilikuwa nafanya kazi usiku, siku hizi sifanyi. Kwenye barua ya kuomba kazi hizo ni taarifa mbili tofauti kuhusu wewe.

Kwa barua za hoteli ningeandika “We look forward to welcoming you”, bila “are” na “looking”, kwa sababu inasikika rasmi zaidi. “I’m looking forward to seeing you again” iweke kwa mgeni anayerudi kila mwaka na mnayejuana kwa majina.