Jibu: ndege ya karatasi inayoinua pua kisha inaporomoka

Mkuu, umesema ndege yako inachomoka vizuri mkononi, inainua pua, inasita hewani halafu inaporomoka, na kwamba ukitia nguvu ndiyo inazidi. Lazima izidi. Hapo pua ni nyepesi, au ukingo wa nyuma wa mabawa umepinda juu kupita kiasi, na kasi inaukuza ugonjwa wenyewe.

Achana kwanza na ile ya mshale. Kunja hii ya pua butu. Uzito wake umekaa mbele na haifunguki ikiwa angani. Chukua A4 ya kawaida ya printa, gramu 80 kwa mita ya mraba (karatasi moja ina gramu 5 hivi). Gazeti ni laini mno, manila ni nzito, na iliyopata unyevu haishiki mkunjo.

Ikunje katikati kwa urefu, uifungue. Kona mbili za juu zilete kwenye mstari wa kati, upate pembetatu. Pembetatu yote ishushe chini kama kifuniko cha bahasha. Sasa kona mpya za juu nazo zilete katikati, ila zisifike kwenye ncha ya pembetatu: zikutane sentimita 2.5 juu yake. Juu itabaki pua butu ya upana wa sentimita 4 na ushee, na chini ncha itachungulia. Ikunje hiyo ncha kwenda juu ibane kona zote mbili, ndiyo kufuli. Kisha kunja ndege nzima katikati kwa kurudi nyuma, kufuli ibaki nje. Mkunjo wa bawa uanzie kona ya juu ya pua, uende sambamba na tumbo (sehemu ya chini yenye mkunjo wa kati, ndiyo ya kushikia), tumbo libaki na kina cha sentimita 2 hivi. Bawa la pili vilevile. Kila mkunjo upige kwa ukucha au ukingo wa rula.

Kabla ya kurusha, itazame kwa mbele. Mabawa yawe yameinuka kidogo kama herufi Y, maana tumbo hufunguka angani na mabawa yakashuka. Ndege ikilalia upande, inateleza kuelekea huko, bawa la chini linapata hewa kwa pembe kubwa zaidi na kuinuliwa. Mabawa yakining'inia chini, kinyume chake hutokea na ndege inapinduka.

Halafu ibebe kwa vidole viwili chini ya mabawa utafute inapotulia bila kuinama. Hapo ndipo kitovu cha uzito, na panatakiwa pawe mbele ya katikati ya urefu wake. Pakiwa nyuma, bana klipu ya karatasi puani.

Kurusha kwa kujaribu: shika tumbo palipo na matabaka mengi, pua ielekee mbele au chini kidogo tu, uisukume taratibu na kuiachia. Usiielekeze dari. Jaribia ndani, upepo wa nje utakudanganya. Ikipiga mbizi, pinda ukingo wa nyuma wa mabawa yote mawili kwenda juu milimita 2. Ikipanda na kusita, punguza huo mpindo. Ikikata kushoto, angalia kwanza kama bawa moja limejikunja au ni pana kuliko jingine, kwa sababu mara nyingi kosa liko hapo. Yakiwa sawa, inua kidogo ukingo wa nyuma wa bawa la kulia. Bawa hilo litashuka na ndege itarudi kulia. Rekebisha kitu kimoja, rusha, ndipo uguse kingine. Wengi hugusa vitatu kwa mpigo na hawajui kipi kimeponya.

Nguvu ni ya mwisho, ndege ikishanyooka. Mwaka 2012 huko California, Joe Ayoob, mchezaji wa zamani wa futiboli ya Kimarekani, alirusha ndege ya karatasi mita 69.14, lakini ndege ile ilibuniwa na John Collins. Mkono wa mmoja, mikunjo ya mwingine.

Ukirusha kwa nguvu, punguza mpindo wa nyuma kidogo kuliko ulivyokuwa kwenye majaribio ya taratibu, maana kasi inaongeza mwinuko. Na pua ikishagonga ukuta mara kadhaa ikajikunja, kunja ndege nyingine. Kunyoosha pua iliyovunjika ni kupoteza muda.