Uraia Usipitie Mlango wa Kabila

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama wingi wa tamaduni unaweza kuwa ndio utambulisho wa taifa. Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja ambalo sisi Wakenya tumelivunja mara nyingi: mtu awe raia kwanza, kwa jina lake mwenyewe, kisha kabila, dini na lugha yake vifuate kama apendavyo. Taifa likigeuza utaratibu huo, likamtaka mtu athibitishe kabila lake ndipo akubaliwe kuwa mwananchi, hapo huwa halina utambulisho wa tamaduni nyingi. Lina orodha tu, na nje ya orodha hiyo kuna watu.

Katiba yetu ya 2010 imeyasema mambo haya vizuri. Dibaji inajivunia utofauti wetu wa kikabila, kitamaduni na kidini. Kifungu cha 11 kinautaja utamaduni kuwa msingi wa taifa. Kifungu cha 44 kinampa kila mtu haki ya kutumia lugha yake na kushiriki utamaduni wake, halafu kinaongeza jambo ambalo wengi hulipita haraka: hakuna ruhusa ya kumlazimisha mtu kufuata mila yoyote. Kwa hiyo utamaduni ni haki ya mtu, si pingu yake. Laiti maandishi hayo ndiyo yangekuwa yanatumika pale dirishani kwa msajili wa vitambulisho.

Kwa miaka mingi wimbo wetu ulikuwa "makabila 42". Watoto waliukariri shuleni, wanasiasa wakaurudia majukwaani. Sasa mtazame Mmakonde wa Kwale. Wamakonde walianza kuingia kutoka Msumbiji miaka ya 1930, wengi wao kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Pwani. Wakazaa, wakazikana hapa, wajukuu wakakua wakiongea Kiswahili cha Kwale. Lakini kwa kuwa hawakuwamo kwenye ile 42, hawakupata kipande, yaani kitambulisho cha taifa. Asiye na kipande hasajili laini ya simu, hafungui M-Pesa wala akaunti ya benki, hapati PIN ya ushuru na hapigi kura. Fundi wa vinyago anauza kazi yake kwa bei ya dalali kwa sababu hawezi kupokea malipo kwa jina lake. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kudai vitambulisho. Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe, na Februari 2017 wakatangazwa kuwa kabila la 43.

Tulishangilia, na walistahili kushangiliwa. Ila ni lazima tuulize kwa nini ilibidi wawe kabila kwanza. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, katika kifungu cha 15, ilikuwa tayari imeweka njia kwa mtu asiye na uraia wa nchi yoyote. Ilimtaka awe ameishi Kenya mfululizo tangu 12 Desemba 1963, awe na ujuzi wa kutosha wa Kiswahili au lugha ya mahali anapoishi, na asiwe amehukumiwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi. Watoto wake walipewa njia yao katika kifungu cha 17. Hakuna mahali pameandikwa kwamba kabila lake liwe limetangazwa. Muda wa kuomba uliwekwa miaka mitano kuanzia 30 Agosti 2011, ukaongezwa mitatu, ukaisha 2019. Kilichokwama ni utekelezaji: sehemu kubwa ya muda huo ilipita bila watu kuandikishwa, na afisa aliyezoea kuuliza "wewe ni kabila gani?" hakuwa na mahali pa kumweka aliyejibu jina lisilokuwa kwenye orodha yake.

Baada ya Wamakonde orodha iliendelea kurefuka. Julai 2017 Wakenya wenye asili ya Asia walitangazwa kuwa kabila la 44, ingawa kati yao kuna Wagujarati na Wapunjabi, Wahindu, Waislamu, Masingasinga na Wakristo, wasio na lugha moja wala dini moja ya kuwafanya kabila. Desemba 2020 ikatangazwa kwamba Washona 1,670, ambao wazee wao walifika kutoka Zimbabwe ya leo kama wahubiri, na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda, watapewa uraia. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Wapemba wa Kilifi na Pwani kwa jumla.

Mfano wa Wapemba ndio unaonigusa zaidi. Mvuvi Mpemba anaongea Kiswahili, anaswali msikiti mmoja na jirani yake Mkenya, anakula samaki yule yule kwa nazi ile ile. Hakuna pengo la utamaduni hapo. Tatizo lake lilikuwa kwamba jina la jamii yake halikuwa kwenye karatasi. Anayesema kwamba wasio na uraia walikosa uraia kwa sababu ya tofauti za kitamaduni na amtazame Mpemba.

Wanubi nao wanaonyesha upande mwingine. Wao ni wazao wa askari wa Kisudani walioletwa na jeshi la Waingereza, na Kibera wamekaa zaidi ya miaka mia moja. Kwa vijana wengi wa Kenya, kipande katika umri wa miaka 18 ni suala la cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi na kwenda kwa chifu. Kijana wa Kinubi, Msomali au Mwarabu wa Pwani aliongezewa kamati ya wazee na maafisa wa usalama, iliyoweza kumdai hati za babu na bibi. Kamati haikukaa kila siku, kwa hiyo kukosa kikao kimoja kulimaanisha kusubiri kingine, na huku kazi au nafasi ya chuo inapita. Mwaka 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi. Mchujo huo ukadumu miaka mingi baadaye, hadi Rais William Ruto alipotangaza Februari 2025 kwamba unaondolewa. Tangazo ni hatua, lakini kipimo chake ni kama chifu wa kata ya mpakani ameacha kumtuma kijana arudi na hati ya babu yake.

Basi utofauti ufanyiwe nini serikalini, kama si kuorodheshwa? Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 zilizoua zaidi ya watu 1,100, Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008. Kifungu chake cha 7 kinasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Kwa upande wa kaunti, sheria ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa wasio wa jamii kubwa ya hapo. Nia ni njema, na kaunti nyingi hazifiki. Ubaya hauko kwenye ukabila wa wakubwa peke yake, hata hesabu yenyewe ina kasoro.

Chukua taasisi ya watu 120, na 60 kati yao ni wa jamii moja. Kikomo ni 40. Kama kila mwaka watano wa jamii hiyo wanastaafu au kuhama, na nafasi zote zinajazwa na wengine, itachukua miaka minne kufika 40. Kwa miaka hiyo minne yote kijana wa jamii ile, hata awe wa kwanza kwenye usaili, haajiriwi. Ajira ikisimamishwa na Hazina, hesabu haisogei kabisa. Na kwa kuwa sheria inahesabu wafanyakazi wote kwa pamoja, meneja mjanja anaweza kuajiri madereva na wahudumu kutoka kila pembe ya nchi huku ofisi za juu zikibaki na watu wa kwao. Ripoti itasoma vizuri na upendeleo utabaki palepale.

Dawa yake si kuifuta theluthi. Hesabu ifanywe kwa kila daraja la kazi kivyake, na ipime walioajiriwa mwaka huo kuliko waliokuwepo tangu zamani. Itangazwe pia ni wangapi waliomba na wametoka kaunti zipi, kwa sababu mara nyingi upungufu huanzia kwenye maombi. Kutoka Mandera hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 900, na usaili wa dakika 20 unaweza kumgharimu kijana nauli na malazi kuliko anachopata nyumbani kwa mwezi. Usaili wa awali ukifanyiwa kwenye Huduma Centre, yaani kituo cha huduma za serikali, ya kaunti yake, tofauti itaonekana bila kumuuliza mtu yeyote kabila lake.

Kanuni ya urais nayo ina historia ya kufunza. Mwaka 1992 mgombea alitakiwa kupata asilimia 25 katika mikoa mitano kati ya minane, na Daniel arap Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 ya kura zote. Yaani kuenea kulitosha hata bila wingi. Katiba ya 2010 ikadai vyote viwili: zaidi ya nusu ya kura, na asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, maana yake 24 kati ya 47. Kanuni hii inamlazimisha mgombea kusafiri, na naiunga mkono. Kasoro ni kwamba kaunti nyingi zina jamii moja kubwa, kwa hiyo njia rahisi kwa mgombea ni kununua kigogo wa jamii badala ya kuwashawishi wapiga kura. Vyama navyo vinatakiwa kuwa na wanachama 1,000 katika kila moja ya kaunti hizo 24. Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua wameandikishwa kwenye vyama wasivyovijua, kwa sababu chama kisicho na mizizi mbali na nyumbani huokoteza majina na nambari za vitambulisho.

Hapo ndugu zetu Watanzania watatabasamu. Wao zaidi ya jamii 120 wanazo, na tangu sensa ya 1967 karani hajauliza kabila. Mamlaka ya machifu yalifutwa 1963, Kiswahili kikawa lugha ya shule ya msingi, wanafunzi wa sekondari wakapelekwa mikoa ya mbali na kwao, na sheria ya vyama ya 1992 ikataka wanachama 200 katika kila mkoa kwa mikoa kumi, miwili kati yake ikiwa Zanzibar. Makabila hayakufa, yaliondolewa kwenye makaratasi ya serikali. Na penye tofauti, watu walikuwa na chombo chao cha kale, utani. Mhehe na Mngoni waliopigana vita leo ni watani. Mnyamwezi na Mzaramo wakawa watani kwa safari za misafara ya biashara. Msibani mtani anaruhusiwa kutaniana na wafiwa, kuchukua kitu na kudai kikombolewe, na hakuna wa kukasirika kwa sababu kesho zamu ni yake. Utani unafanya kazi kwa kuwa unakwenda pande zote mbili. Bosi akimtania mfanyakazi asiyeweza kumjibu, hayo ni matusi.

Hata hivyo Tanzania imelipa gharama ambayo mtetezi wa tamaduni nyingi hawezi kuifumbia macho. Kihadzabe, lugha isiyo na ndugu anayejulikana duniani, ina wazungumzaji wapatao elfu moja, na mtoto wake akiingia darasa la kwanza anaanza moja kwa moja kwa Kiswahili. Umoja wa lugha umewapa Watanzania sauti moja, na umeziacha lugha ndogo zijitegemee. Kenya imefanya kinyume: redio za lugha za mama ni nyingi, lakini Kiswahili, ambacho Kifungu cha 7 cha Katiba kinakiita lugha ya taifa, bado ofisini kinawekwa nyuma ya Kiingereza. Ningependa mtoto apate vyote viwili, na mtaala wetu unaoruhusu lugha ya mama madarasa ya chini unaweza kufanya hivyo kama vitabu vitachapwa kwa lugha ndogo pia, si kwa zile kubwa pekee.

Wapo watakaotaja Kanada, ambayo mwaka 1971, kupitia kwa waziri mkuu Pierre Trudeau, iliufanya wingi wa tamaduni kuwa sera ya taifa, na 1988 ikautungia sheria. Watu wetu wanaijua, kwani 1972 ilipokea maelfu ya Waasia waliofukuzwa na Idi Amin kutoka Uganda, na wengi wao Kiswahili walikijua. Lakini sera ile ilitamkwa ndani ya mfumo wa lugha mbili rasmi, Kiingereza na Kifaransa. Tamaduni zikawa nyingi, lugha za serikali zikabaki mbili, na bado Quebec ilienda njia yake na kukifanya Kifaransa kuwa lugha yake rasmi pekee. Hata Kanada basi haikusimama juu ya utofauti mtupu.

Kwa Kenya naona mambo mawili yanayoweza kufanywa na Bunge hili. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Usajili wa Watu bado kinaweka "kabila au mbari" miongoni mwa taarifa anazosajiliwa mtu anapoomba kitambulisho. Kipengele hicho kifutwe. Takwimu za makabila, kama zinahitajika kwa mipango, zipatikane kwenye sensa, kwa hiari ya anayehojiwa na bila kuunganishwa na uraia wake. La pili ni kuufungua tena muda wa maombi wa kifungu cha 15 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji, safari hii bila tarehe ya mwisho, na maombi yapokelewe katika ofisi za kaunti ndogo, kwa ushahidi wa majirani pale ambapo hati za 1963 hazikuwahi kuwepo. Wapo wazee waliokaa nchini tangu kabla ya uhuru ambao hawakufika ofisini kabla dirisha halijafungwa 2019, na watoto wao hadi leo wanasajili simu kwa majina ya watu wengine.